Biolojia hailipi, au mkopo ndio mkubwa mno?

Kila zinapotoka takwimu za mishahara ya wahitimu wa vyuo vikuu vya Marekani, biolojia hubaki nyuma. Wahandisi na wataalamu wa kompyuta wako juu, wanabiolojia wako mbali chini yao, na hukumu hutoka papo hapo: hii ni shahada ya kukimbiwa, hasa na anayesoma kwa mkopo. Hukumu hiyo ina ukweli ndani yake, ila naona imemwangukia asiye na kosa.

Kazi iliyo karibu zaidi na mwenye shahada ya kwanza tu ni ya ufundi wa maabara: kuotesha seli, kuandaa sampuli, kuendesha vipimo, kuweka kumbukumbu za matokeo. Kwa takwimu za serikali za Mei 2024, nusu ya mafundi hao walilipwa chini ya dola 52,000 kwa mwaka. Kwa wanabiokemia, ambao kwa kawaida wana shahada ya uzamivu, mstari huohuo wa katikati ulikuwa dola 103,650. Malipo ya biolojia, basi, huja kwa aliyeendelea kusoma, na wengi hawaendelei. Wanaoingia wakiwa na nia moja tu, udaktari, hukuta mlango mwembamba: miaka ya karibuni zaidi ya nusu ya waombaji wa vyuo vya tiba wamekuwa wakikosa nafasi kila mwaka.

Lipo pia tatizo la nani anahesabiwa. Tovuti ya serikali ya College Scorecard, inayotegemewa na wazazi wengi, huonyesha mapato ya wahitimu wa kila fani waliokuwa wamepata msaada wa fedha wa serikali, walio kazini na ambao hawasomi tena. Aliye chuo cha tiba miaka michache baada ya kuhitimu hayumo. Anayeandaa uzamivu hayumo. Fani inayopeleka wanafunzi wengi kwenye masomo ya juu hupimwa, katika miaka hiyo ya mwanzo, kwa wale waliobaki. Mhandisi hana shida hiyo, kwa kuwa shahada ya kwanza inamtosha kuanza kazi yake.

Lakini jambo ninaloliona zito kuliko yote ni deni lenyewe. Chukua mkopo wa dola 30,000 kwa riba ya asilimia 6, ulipwe kwa miaka 10. Marejesho ni kama dola 333 kila mwezi. Mwenye mshahara wa dola 52,000 hupata takriban dola 4,333 kwa mwezi kabla ya kodi, kwa hiyo deni linakula chini ya asilimia 8. Inauma, lakini inabebeka. Sasa fanya mkopo uwe dola 90,000. Marejesho yanafika kama dola 999, yaani asilimia 23 ya mshahara uleule, kabla ya kodi wala pango. Kurefusha muda hakumwokoi: hata zile dola 30,000, zikilipwa kwa miaka 20, marejesho ya mwezi hushuka hadi dola 215 lakini jumla inapanda kutoka karibu dola 40,000 hadi zaidi ya dola 51,000.

Kilichobadilika hapo si biolojia. Seli ni zilezile, kazi ni ileile, na maabara haimwongezi mtu mshahara kwa sababu alisomea chuo ghali. Tena mwanafunzi wa shahada ya kwanza anayehesabiwa kuwa bado anategemea wazazi hawezi kukopa kwa jina lake zaidi ya dola 31,000 za serikali kuu kwa masomo yote. Kinachozidi hapo kwa kawaida hutoka benki, au kwenye mikopo ambayo wazazi huchukua kwa majina yao. Anayefika dola 90,000 amevuka mstari ambao serikali yenyewe iliuchora. Kuilaumu biolojia kwa deni hilo ni kumwonea bure.

Hoja ya wapinzani inayonipa shida zaidi ni ya uuguzi. Kwa takwimu za Mei hiyohiyo, mstari wa katikati wa wauguzi waliosajiliwa ulikuwa dola 93,600, na shahada ya kwanza inatosha, wakati mwingine hata stashahada. Kijana anayependa mwili wa binadamu na hana hakika na udaktari anapaswa kuambiwa hilo mapema, bila kufichwa.

Kwa anayependa utafiti, hesabu ni nyingine. Wanafunzi wengi wa uzamivu wa biolojia nchini humo hawalipi ada na hupewa posho, ingawa mkopo wa zamani usio na ruzuku, yaani ule ambao serikali haibebi riba yake, huendelea kuzaa riba wakiwa darasani. Anayeelekea kwenye tiba ndiye wa kuangalia zaidi. Kwa sheria ya mwaka 2025, kuanzia Julai 1, 2026 mkopaji mpya katika vyuo vya tiba hapati zaidi ya dola 50,000 kwa mwaka kutoka serikali kuu, na jumla haipiti dola 200,000. Ndiyo maana nasema mkopo wa biolojia upimwe kwa mshahara wa fundi wa maabara, kamwe usipimwe kwa mshahara wa daktari ambaye bado hajawa. Aliyekwisha kubeba dola 90,000 akakubaliwa katika chuo kinachodai zaidi ya dola 50,000 kwa mwaka atalazimika kurudi benki, na benki itamuuliza kwanza juu ya deni alilonalo.