Tubadilishane Huduma, Lakini Tuandikiane

Vijijini fedha huja kwa msimu, ila shida hazingoji mavuno. Ng'ombe anashindwa kuzaa usiku wa manane, ndugu wanagombea mirathi, paa linavuja. Ndiyo maana namuunga mkono daktari wa mifugo anayekubali kulipwa kwa kazi ya seremala, na mwanasheria anayeandaa mkataba akajengewa uzio. Ila wasianze kazi kwa "tutaelewana tu."

Chukua mhasibu aliyemwandalia fundi umeme hesabu za mwaka mzima. Miezi inapita, nyaya nyumbani kwake bado zinaning'inia. Kumdai jirani anaona haya, na kunyamaza kunamuuma. Fundi naye anaamini ameshalipa, maana aliwahi kupita akabadilisha swichi mbili. Hakuna tapeli hapo. Kila mmoja ana hesabu yake kichwani, na hazilingani. Siku hizi wakikutana njiani wanasalimiana kwa mkato.

Andikeni kabla ya kazi: nani atafanya nini, ina thamani gani kwa fedha, itakamilika lini. Wapo wanaoona kutaja bei kati ya majirani ni kukosa utu. Mimi naona bei humlinda mnyonge, hasa anapokabiliana na msomi mwenye kitu anachokihitaji sana. Maadili ya Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani yanaruhusu malipo ya namna hii pale tu yasipoathiri tiba wala kumnyonya mteja. Ningependa kila taaluma ishike sharti hilo, kwa sababu mgonjwa mwenye maumivu atakubali lolote.

Na kama anayekuhitaji hana unachokihitaji? Mwaka 1983, katika bonde la Comox nchini Kanada, Michael Linton alianzisha mfumo wa kubadilishana huduma kati ya wengi, uitwao LETS: unamhudumia mmoja, salio lako linapanda, kisha unahudumiwa na mwingine kabisa. Benki za muda alizozieneza Edgar Cahn huko Marekani huhesabu saa ulizowafanyia wengine kazi badala ya fedha, na saa ya wakili ni sawa na ya mfagizi. Usawa huo naupenda sana, ingawa hauwezi kununua dawa za mifugo. Dawa zilipwe taslimu, kazi ndiyo ibadilishwe.

Ulizeni pia habari za kodi mapema. Marekani, kwa mfano, thamani ya huduma uliyolipwa badala ya fedha huhesabiwa kuwa kipato.