Kubadili saa ya mfumo: swichi safi inalinda nini, na inaacha nini

Karibu kila maikrokontrola (kompyuta ndogo ndani ya chipu moja) huendeshwa na saa, yaani mipigo ya umeme inayopanda na kushuka bila kukoma. Huamka kwa osileta yake ya ndani, chanzo cha mipigo ambacho si sahihi sana ila kiko tayari papo hapo, kisha huhamia kwenye kristali au PLL, sakiti inayozidisha kasi ya saa. Ikitaka kuokoa betri, hurudi kwenye saa ya polepole. Kuhama huko ndiko kunakowagawa wabunifu wa sakiti. Wapo wanaotaka swichi safi, isiyokata mpigo, iwekwe kila mahali saa inapobadilishwa. Wengine wanasema kichaguzi cha kawaida, kinachochagua tu saa ipi ipite, kinatosha, mradi ujue lini ukiguse.

Wale wa kwanza wana hoja nzito. Kichaguzi cha kawaida ni mageti machache tu, na hakijali saa iko wapi katika mzunguko wake. Chukua saa ya 125 MHz: mzunguko mmoja ni nanosekunde 8, na kwa nanosekunde 4 saa iko juu. Amri ya kuhama ikiingia nanosekunde 1 baada ya saa kupanda, na saa ya pili iko chini wakati huo, kinachotoka ni kipande cha mpigo chenye upana wa nanosekunde 1. Flip-flopu (seli inayohifadhi biti moja na kubadilika kwa ukingo wa saa) moja itakiona, ya jirani yake haitakiona, na ya tatu itaning'inia kati ya 0 na 1 kwa muda usiotabirika. Hapo kaunta inaruka, na programu inaishia mahali ambapo hakuna aliyeipeleka. Kibaya zaidi, amri lazima iangukie kwenye upenyo finyu sana ili tatizo lijitokeze, kwa hiyo bodi inaweza kupita majaribio yote mezani na kuharibika ikiwa kwa mteja. Simulesheni nayo mara nyingi haisaidii, maana anayeiandika huwa amepanga amri ya kuhama iende sambamba na saa.

Swichi safi huondoa hatari hiyo kwa ufundi ninaoupenda sana. Kila saa hupewa geti lake la AND, linaloipitisha likiruhusiwa tu, na flip-flopu inayobadilika saa hiyo inaposhuka. Geti la saa ya pili haliruhusiwi kufunguka mpaka flip-flopu ya saa ya kwanza ithibitishe kwamba geti lake limefungwa. Saa ya zamani inamaliza mpigo wake, pato linakaa chini kidogo, kisha saa mpya inaingia na mpigo mzima. Ikiwa saa hizo mbili hazina uhusiano wowote, huongezwa flip-flopu nyingine mbele ya kila moja, ili amri inayofika karibu kabisa na ukingo wa saa ipate muda wa kutulia. Hatari haifiki sifuri, lakini hushuka mno.

Sasa upande wa pili. Kusubiri saa ishuke kunahitaji saa hiyo iwe bado inapiga. Kristali ikikatika, flip-flopu yake haipati ukingo tena, geti halithibitishwi kufungwa, na saa ya pili, nzima kabisa, inazuiwa mlangoni. Yaani sababu kuu ya kutaka kuhama ndiyo inayoweza kuifanya swichi igome. Kuna pia gharama ya muda: ukitoka kwenye saa ya 32,768 Hz, mizunguko miwili tu ni kama mikrosekunde 61, ambamo saa ya 100 MHz ingepiga zaidi ya mara 6,000.

Ndiyo maana naona RP2040, chipu iliyo ndani ya Raspberry Pi Pico ya mwaka 2021, imelijibu suala hili vizuri kuliko mabishano mengi. Ina jenereta 10 za saa, na ni 2 tu zenye swichi safi: saa ya rejea na saa ya mfumo. Hizo haziwezi kuzimwa wakati prosesa inafanya kazi. Saa za USB, ADC (kigeuzi cha volteji kuwa namba) na nyinginezo zina kichaguzi cha kawaida, na utaratibu wake ni kuzima, kusubiri isimame, kubadili chanzo, kisha kuwasha. Sakiti iliyosimama haiwezi kudhurika na kipande cha mpigo, kwa hiyo ulinzi zaidi hapo ungekuwa mageti ya bure.

Na suala la saa kufa? RP2040 ina sakiti ya kufufua inayoihamishia saa ya mfumo kwenye saa ya rejea ikikosa mipigo kwa muda uliopangwa. Lakini lazima uiwashe mwenyewe. STM32F103, maikrokontrola ya STMicroelectronics, nayo ina mlinzi wa aina hiyo, naye pia huwashwa na programu: kristali ikifa, mfumo hurudi kwenye osileta ya ndani ya 8 MHz na prosesa hupata katizo lisilozuilika, yaani ishara inayoilazimisha iache kazi yake na kushughulikia tatizo. Katika FPGA za Xilinx (chipu ambazo mbunifu hupanga mwenyewe sakiti zake), swichi safi iitwayo BUFGCTRL ina pini za IGNORE, zinazoiruhusu swichi iache kuisubiri saa iliyokufa.

Kwangu mimi, swichi safi isiyo na mlinzi wa namna hiyo ni kazi nusu. Haipasi kuwekwa kwenye kifaa ambacho hakuna mtu wa kubonyeza kitufe cha riseti.

Hata ikiwa na mlinzi, yako mambo ambayo hakuna swichi itakayoyamaliza. STM32F103 ikianguka kutoka 72 MHz hadi 8 MHz, kila mpigo ukiwa mzima, bandari ya siriali iliyopangwa kwa biti 115,200 kwa sekunde itaanza kutuma kwa 12,800, na upande wa pili utasoma takataka. Kwenda juu kuna mtego wake: kwa 72 MHz, flashi (kumbukumbu inayohifadhi programu) inahitaji mizunguko 2 ya kusubiri kila inaposomwa, na mizunguko hiyo ipangwe kabla saa haijapandishwa, la sivyo prosesa itasoma maagizo yasiyo sahihi. Kazi hizo ni za mwandishi wa programu, na ile ya kwanza hufanywa ndani ya kishughulikia-katizo, yaani msimbo unaoitwa na katizo lile, ambacho katika miradi mingi huachwa kitupu.