Ulimwambia mama wa dagaa rekodi itabaki kwenu, sasa mbona umeiaplodi?

Kuna kitu kinanikera kwenye hii kazi ya kutranskraibu mahojiano, yaani kugeuza sauti kuwa maandishi, na leo nakitoa. Mtafiti anapanda meli mpaka Nansio kisiwani Ukerewe, anaunganisha na bodaboda mpaka mwaloni, pale mitumbwi ya wavuvi inaposhusha samaki, anakaa na mama anayeanika dagaa, anamsomea fomu ya ridhaa kwa upole kabisa kwamba maongezi haya yatasikilizwa na timu ya utafiti peke yake, mama anasema haya mwanangu sawa, wanaongea saa nzima. Usiku huo huo mtafiti yuko gesti anaaplodi faili zima kwenye tovuti ya bure aliyoelekezwa na mwenzake, anasubiri maandishi. Sasa timu ya utafiti ni ipi hapo? Hiyo seva nayo ilisaini fomu?

Mimi naishi kwa kutranskraibu, hapa hapa Mwanza. Wanafunzi wa masters, miradi ya uvuvi, watu wa redio, mara moja moja video ya harusi ambayo bwana harusi anataka hotuba ya baba yake iandikwe chini. Kwa hiyo tamaa ya kuaplodi naielewa vizuri sana, saa moja ya maongezi safi kwa mkono inakula saa nne mpaka sita, na hayo ni maongezi ya ofisini. Ya soko la samaki la Mwaloni Kirumba ni habari nyingine, huku injini ya boti, huku wapagazi wanapiga kelele upite pembeni, upepo unapuliza kwenye maiki, halafu mtu anaongea huku anakohoa vumbi la dagaa. Hapo mtu akikuambia kuna tovuti inakufanyia kwa dakika kumi bure lazima moyo udunde.

Ila hiyo kazi inaweza kufanyika ndani ya laptopu yako bila faili kutoka nje hata sekunde, na si habari mpya. Septemba 2022 OpenAI waliachia Whisper, modeli inayosikiliza sauti na kuiandika, na wengi wakisikia OpenAI wanadhani ni kama ChatGPT, unaongea nayo iko kwao huko. Hapana, hii modeli yenyewe waliitoa bure, unaishusha inakaa kwako moja kwa moja. Baada ya hapo Mbulgaria mmoja, Georgi Gerganov, akaiandika upya kwa C++ ili iende hata kwenye kompyuta isiyo na kadi ya gemu, kitu kinaitwa whisper.cpp, na hapo ndipo sisi wa laptopu za mtumba tulipopata nafasi.

Unachagua saizi. Ya base ni kama MB 142, small ni kama MB 466, medium inafika GB 1.5, na kubwa yenyewe inakaribia GB 3. Unashusha mara moja tu, bando linauma siku hiyo, basi. Linganisha na kuaplodi: saa moja ya sauti ya wav hata ukiipunguza ubora mpaka 16 kHz chaneli moja ni kama MB 115, na ukiwa na mahojiano ishirini piga hesabu mwenyewe, na kama ni video ndo usiseme. Kwa hiyo hata ambaye siri za watu hazimsumbui, bando lake litamsumbua.

Kwa wanaopenda lile dirisha jeusi la amri, video unaitoa sauti kwanza kwa ffmpeg: ffmpeg -i mahojiano.mp4 -ar 16000 -ac 1 sauti.wav, halafu unaipa whisper.cpp hilo faili la wav na modeli. Kwa wasiopenda, kuna Buzz, ni bure, ina vitufe vya kubonyeza, inaenda Windows mpaka Linux. Ukitaka maandishi yakae chini ya video unaiambia itoe faili la srt, lina muda wa kila sentensi. Na kama huamini kwamba hakuna kinachotoka, zima wifi, zima data, chomoa modemu, halafu bonyeza uone kama haitaandika. Itaandika. Hiyo ndo testi pekee ninayoiamini, maana siku hizi kila programu inajitangaza inalinda faragha yako.

Kitu kimoja ambacho wengi hawajui na kinawaharibia: iambie lugha, usiiache ikisie. Kwenye amri ni -l sw. Ukiiweka ikisie yenyewe inasikiliza sekunde 30 za mwanzo ndo inaamua, na mahojiano ya huku kwetu sekunde 30 za mwanzo ni mwangaluka, mwangaluka, habari za watoto, wote kwa Kisukuma. Kisukuma hakimo kabisa kwenye lugha zake. Inaweza kuangukia Kishona, basi inaamua mama wa Ukerewe ni Mzimbabwe na faili zima linatoka na tahajia ambazo hata Harare hawazijui.

Sasa wale wanaoniambia, we naye, nani huko California atakaa kumsikiliza mama wa dagaa? Mwaka 2019 ilikuja kujulikana kwamba kampuni za Apple, Google na Amazon zilikuwa na binadamu kabisa, wafanyakazi wa mkataba, wanaosikiliza vipande vya rekodi za watu ili kuboresha huduma zao za sauti. Apple walifika mpaka kuomba radhi. Hizo ni kampuni zenye mawakili na majengo, sembuse tovuti ya bure ambayo hujui hata ni ya nani. Lakini kwangu mimi hata hilo si tatizo lenyewe. Mtu wa California hanitishi, nayemwogopa ni mtu wa mwalo wa pili. Faili likishakuwa kwenye akaunti yako ya bure, lina linki, linki inatumwa kwenye grupu la WhatsApp la mradi, kwenye grupu kuna shemeji wa mtu.

Na watu huwa wanasahau kwamba sauti ni mtu mzima. Kwenye maandishi unafuta jina unaweka Mshiriki wa 7, mwanamke, miaka 40 na kitu, imeisha. Kwenye sauti hakuna Mshiriki wa 7. Ziwani huku mialo mingi ni vijiji vidogo, mtu akisikia tu kicheko anajua ni nani, na jina la boti limetajwa, na mtoto ameitwa kwa jina mara tatu nyuma ya maongezi. Kuna rekodi niliwahi kupewa, mzee wa uvuvi anaeleza taratibu kabisa nyavu haramu za timba zinaingiaje mwaloni, zinalala nyumba gani, nani anapewa kitu kidogo ili doria ipite siku nyingine. Anaeleza kama anasimulia mvua. Huyo mzee ana mitumbwi yake pale pale. Niliyatranskraibu nimevaa hedifoni, mlango umefungwa, halafu nikafikiria kwamba kuna mwenzangu mahali anapewa rekodi kama hii na anaiburuta kwenye tovuti huku anakula chipsi.

Sheria nayo ipo kama mtu anataka sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ni ya 2022, ilianza kufanya kazi Mei 2023, na suala la kusafirisha taarifa za watu nje ya nchi lina masharti yake humo. Mimi si mwanasheria, siendi mbali. Ila nashangaa mtu analipia kibali cha utafiti, anahangaika na barua kuanzia mkoa mpaka kwa mtendaji wa kijiji, halafu sehemu ya mwisho ndo anafanya kienyeji.

Tusidanganyane lakini, hii kitu ya kwenye laptopu ina matatizo yake na nisingependa mtu aje kunilaumu. Kwanza ni ya polepole. Kwenye laptopu ya kawaida ya RAM GB 8 modeli ya small inakwenda karibu sawa na urefu wa rekodi, medium inapitiliza mbali, feni inanguruma, kwa hiyo unaiwasha ukienda kulala na unaomba umeme usikatike maana betri ya mtumba unaijua. Pili Kiswahili chake si kile unachodhani. Ilifundishwa kwa saa 680,000 za sauti na karibu theluthi mbili ya hizo ni Kiingereza, Kiswahili humo ni kiduchu, na hicho kiduchu sijui kama kiliwahi kufika Sengerema. Mabondo, vile vibofu vya samaki, inakuandikia mabondeni. Nyavu za timba zinakuwa nyavu za simba. Karabai, ile taa ya wavuvi, inakuwa karibuni. Namba na bei inakosea kimyakimya, mtu kasema elfu kumi na tano inaandika elfu hamsini, na hilo ni baya kuliko simba kwa sababu simba utamwona.

Na kibaya kuliko vyote, haipendi ukimya. Kwa kuwa ilijifunza sana kwenye video za mtandaoni zenye maandishi, ikikutana na sehemu hakuna anayeongea wakati mwingine inatunga. Mama mmoja alikuwa anaeleza mume wake alivyoondoka na dhoruba, akafika mahali akanyamaza, unasikia tu upepo na kunguru na mtu mbali anapiga nyundo kwenye mtumbwi. Programu pale ikaandika: Asante kwa kutazama. Nilikaa nikaiangalia hiyo sentensi. Yaani ungeichukua ile nakala ukaituma kwa bosi bila kusikiliza, ingekwenda hivyo hivyo kwenye ripoti, mjane wa Ukerewe anawashukuru watazamaji.

Kwa hiyo kusikiliza upya kuko pale pale, usiniambie kingine. Nachokwepa ni kuchapa, sikwepi kusikiliza. Na hao wa tovuti wasikuringishie usahihi, baadhi yao wamejenga juu ya Whisper hiyo hiyo wakaweka rangi nzuri na malipo kwa mwezi, simba atakuja na kwao.

Halafu kuna wanaoshinda kwenye programu wakashindwa kwenye simu. Umerekodi kwa simu, simu yenyewe imewekwa ijihifadhi mtandaoni kila ikipata wifi, basi ulichokikwepa kwenye tovuti kimeshakwenda kwa mlango wa nyuma wakati unakula. Angalia hiyo setingi kabla hujapanda meli. Na flashi, jamani flashi, zinazunguka stationery zote za mjini zinaprinti na kubeba virusi, ndani yake kuna folda imeandikwa MAHOJIANO FINAL. Na laptopu ikigoma unampelekea fundi na kila kitu kiko wazi, nenosiri umemwandikia kwenye karatasi umebandika juu. Folda la rekodi liweke ndani ya VeraCrypt, programu ya kufungia mafaili kwa nenosiri, ni bure, fundi atengeneze kioo na asijue chochote.

Simaanishi kila kitu kifichwe. Mahubiri ya Jumapili, hotuba ya mkuu wa mkoa, mdahalo ulioko YouTube tayari, hivyo aplodi popote unapotaka, vilisemwa ili visikike. Hata voisi nouti za WhatsApp, mwishoni mwa 2024 walileta maandishi yake na wanasema kazi inafanyika ndani ya simu, hilo nimelipenda ingawa kwenye Android walianza na Kiingereza, Kireno, Kihispania na Kirusi, sisi wa Kiswahili tukabaki kusikiliza dakika saba za shangazi kwa masikio.

Kwa anayeanza, laptopu ya GB 4 jaribu base kwanza ujue mwendo wake, ukiona inahimili panda small, na kwa Kiswahili usishuke chini ya small kama kazi ni ya kulipwa maana utatumia muda mwingi kurekebisha kuliko ungechapa mwenyewe. Rekodi ikiwa nusu yake ni Kisukuma au Kikerewe usihangaike na programu yoyote, tafuta mtu anayekijua, mlipe vizuri, akae na wewe asikilize kwenye laptopu yako. Ila usimchukue wa mwalo ule ule.