Lukemia ya watoto: tuanze na tiba kali au tupande polepole?

Mtoto mwenye lukemia kali ya limfoblasti, aina ya saratani ya damu, akitibiwa Ulaya Magharibi au Marekani, nafasi yake ya kupona leo ni takriban 9 kati ya 10. Dawa zinazomponya kwa sehemu kubwa ni za zamani: vinkristini, prednisoloni, asparajinasi, methotreksati, merkaptopurini. Zote zimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Ndiyo maana wapo wanaouliza, na wana haki ya kuuliza, kwa nini mtoto wa Afrika Mashariki atibiwe kwa mpango ulio mwepesi kuliko huo.

Mwaka 2009 madaktari watatu, Stephen Hunger, Lillian Sung na Scott Howard, waliandika pendekezo lililoupa mjadala huu sura. Walishauri hospitali za nchi maskini zianze na mpango mwepesi wa dawa, kisha ziongeze ukali hatua kwa hatua kadiri uwezo wa wodi unavyokua.

Hoja yao ina uzito. Dawa za lukemia haziui chembe za saratani peke yake, zinafagia na kinga ya mwili. Katika wiki za mwanzo mtoto hubaki karibu bila chembe nyeupe zilizo timamu, na homa iliyoanza jioni inaweza kumwua kabla ya alfajiri. Palipo na viuavijasumu vya mshipa ndani ya saa moja, chembe sahani (zinazogandisha damu) za kuongezewa na chumba cha uangalizi maalumu, ukali huo unavumilika. Pasipo na hayo, tiba yenyewe inaua. Deksamethasoni, dawa ya jamii moja na prednisoloni, ni mfano mzuri. Inafika kwenye ubongo vizuri kuliko prednisoloni na hupunguza kurudi kwa ugonjwa huko, lakini watoto wengi zaidi hufa kwa maambukizi wakati wa kuitumia. Sasa chukua mtoto mwenye utapiamlo, anayeishi mwendo wa siku nzima kutoka hospitali, umpe dawa hiyo hiyo kwa kipimo kile kile.

Upande wa pili, wa wanaotaka tiba kali tangu mwanzo, nao haupuuziki. Lukemia iliyopigwa nusunusu hurudi, na ikirudi ni ngumu zaidi kuitibu. Historia nayo iko upande wao. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 madaktari wengi waliona ni ukatili kuwatesa kwa dawa watoto ambao wangekufa tu. Donald Pinkel na wenzake wa hospitali ya St. Jude, Memphis, walikataa. Waliunganisha dawa zilizokuwapo, wakatibu na ubongo ambako ugonjwa hujificha, na kufikia mwisho wa muongo ule karibu nusu ya wagonjwa wao walikuwa njiani kupona kabisa. Isitoshe, kuna hofu ambayo naishiriki: mpango wa muda una tabia ya kuwa wa kudumu. Wodi ikishazoea tiba nyepesi, nani atasukumwa kutafuta fedha za kuiboresha?

Lakini kuna jambo ambalo pande zote mbili hulipita haraka. Uingereza nayo imepunguza dawa. Katika utafiti wao unaojulikana kama UKALL 2003, uliotolewa matokeo mwaka 2013, watoto ambao mabaki ya ugonjwa kwenye uboho yalikuwa machache mno baada ya awamu ya kwanza walipewa tiba pungufu, na hawakupata hasara ya wazi. Kwa hiyo kupunguza si aibu ya maskini. Tofauti ni kwamba wao walipima kwanza, wakajua ni nani wa kupunguziwa. Mpango mwepesi wa nchi maskini unampunguzia kila mtoto, mwenye ugonjwa mwepesi na mwenye ugonjwa mkali.

Kipimo hicho cha Waingereza cha mabaki ya ugonjwa ni ghali na kinahitaji maabara ya hali ya juu. Kuna kingine ambacho madaktari wa Ujerumani wamekitumia tangu miaka ya 1980. Mtoto anapewa prednisoloni kwa siku 7, na sindano moja ya methotreksati kwenye uti wa mgongo. Siku ya 8 damu yake inatazamwa kwa hadubini. Chembe za lukemia zikiwa bado 1,000 au zaidi kwa kila mikrolita, huyo ni wa hatari kubwa. Kinachohitajika ni rangi ya maabara, hadubini na macho yaliyofunzwa. Hakifikii kile cha Uingereza, maana wapo wanaoitikia vizuri siku ya 8 na bado ugonjwa ukawarudia. Ila ni mbali sana na kubahatisha.

Hapo ndipo uchunguzi wa mapema unapoingia. Mtoto aliyepauka, mwenye homa na michubuko, mara nyingi huanza na dawa ya malaria, kisha kuongezewa damu, na pengine mtu humpa dawa za jamii ya prednisoloni kabla hajapimwa picha kamili ya damu. Dawa hizo huuficha ugonjwa kwa wiki kadhaa na kuharibu kipimo cha siku ya 8.

Wanaodhani ukali wa dawa ndio kila kitu watazame Recife, Brazili. Miaka ya 1980, asilimia 32 tu ya watoto walifikisha miaka mitano bila ugonjwa kurudi wala balaa lingine. Kati ya 1997 na 2002 walikuwa asilimia 63. Walioacha matibabu walishuka kutoka asilimia 16 hadi 0.5. Mpango wa dawa nao ulibadilika, hivyo si haki kuvipa sifa yote wauguzi waliofunzwa, malazi ya wazazi na nauli, ambavyo navyo viliongezwa. Lakini mtoto aliyerudishwa kijijini hatibiwi na mpango wowote, mkali wala mwepesi.

Mimi naegemea kuanza polepole, kwa sharti moja. Hospitali iandike kila mtoto aliyefariki alikufa kwa nini: maambukizi, damu kuvuja, ugonjwa kurudi, au alipotea njiani. Wengi wakiangushwa na maambukizi, dawa zisiongezwe kwanza, ziongezwe huduma. Wengi wakiangushwa na ugonjwa uliorudi, wodi imeshakuwa tayari kwa hatua inayofuata, na kuendelea na tiba nyepesi baada ya hapo ni kuwanyima watoto nafasi waliyokuwa nayo.