Ndege ya Kale Irudishiwe Rangi Yake ya Kazi

Mwaka jana ami yangu, ambaye ni seremala wa milango hapa Malindi, Unguja, alinipa msasa na kisu chembamba akaniambia nifunue sehemu ya mlango isiyozidi upana wa kiganja. "Usiwe na haraka, mwanangu," alisema. "Juu pana vanishi ya juzi, chini yake pana watu." Ilipotoka vanishi ikaonekana rangi ya mafuta ya kijani, kisha ya kahawia, na mwisho mbao yenyewe, nyeusi kwa mafuta na kwa mikono ya waliokuwa wakiusukuma kila siku. Nilielewa wakati ule kwa nini jambo ninalolifuatilia kwa miaka mingi, ukarabati wa ndege za kivita za zamani, huniuma kila nionapo ndege imevishwa rangi isiyokuwa yake.

Ninaamini kwamba ndege ya vita inayofufuliwa inapaswa kurudishiwa rangi iliyokuwa nayo kazini, hata kama rangi hiyo haina pambo wala mng'aro, kwa sababu rangi ile ilikuwa sehemu ya chombo kama zilivyokuwa injini na mabawa. Anayekwenda Nungwi ambako majahazi bado yanaundwa haulizi kwa nini mbao za juu zimepakwa sifa, yaani mafuta ya papa, na chini kumepakwa deheni. Sifa inazuia mbao zisipasuke kwa jua, na deheni, ambayo ni chokaa iliyochanganywa na shahamu, inazuia wadudu wa baharini wasiutoboe mkuku. Jahazi linakuwa na sura ile kwa sababu ya kazi yake, na ndege za vita zilikuwa hivyo hivyo.

Spitfire na Hurricane zilizoilinda Uingereza mwaka 1940 zilipakwa mgongoni mabaka ya rangi ya udongo na kijani iliyokoza, ili anayezitazama kutoka juu asizitofautishe na mashamba yaliyo chini yake. Rangi hiyo haikung'aa, kwani jua likimulika bawa linalong'aa, adui hulibaini kutoka mbali. Kabla ya katikati ya mwaka ule, tumbo la ndege hizo lilikuwa jeusi upande mmoja na jeupe upande wa pili, ili walio ardhini wajue kuwa inayopita ni yao. Spitfire yenye namba N3200 ilipigwa tarehe 26 Mei 1940, siku za kuwaokoa askari waliozingirwa Dunkirk, Ufaransa, ikatua kwa tumbo kwenye ufukwe wa Sangatte karibu na Calais na kumezwa na mchanga. Ilifukuliwa mwaka 1986, ikaruka tena mwaka 2014, na sasa ni mali ya jumba la makumbusho la Imperial War Museum, Duxford, Uingereza. Walioikarabati hawakuipendezesha. Waliirudishia herufi zake na tumbo lake la rangi mbili, ambalo mgeni anaweza kulidhania kuwa kazi iliyoachwa nusu, lakini kwa anayejua, tumbo hilo linataja miezi ya mwanzo ya vita.

Ninachokipinga ni kinyume cha hayo. Viwanda vya Marekani, kuanzia mwisho wa 1943 na mwanzo wa 1944, viliacha kuzipaka rangi ndege nyingi za jeshi, kwa kuwa rangi iliongeza uzito na kupoteza muda, nazo zikaenda vitani na aluminiamu tupu. Ndani ya wiki chache aluminiamu hiyo ilikuwa imefifia kwa mvua, moshi na mafuta yanayovuja. Leo P-51 Mustang nyingi zinasuguliwa mpaka mtu aweze kujitazama ubavuni mwake. Zaidi ya hapo, mabawa ya Mustang yalizibwa kwa lipu kiwandani, yakapigwa msasa na kupakwa rangi ya fedha ili hewa ipite bila kukwama, kwa hiyo anayeyabandua na kuyang'arisha mpaka kila ripiti ionekane amefuta kazi ya watu wa kiwandani akidhani anaihifadhi.

Mistari myeusi na myeupe ya Juni 1944, iliyopakwa kwenye ndege za Washirika ili wenzao wazitambue, nayo hunisikitisha. Ilichorwa siku chache tu kabla ya majeshi kutua Normandia, kwa siri na kwa haraka, na mafundi wengi waliipaka kwa brashi na mkono mtupu, kwa hiyo kingo zake zilipinda. Siku hizi hupakwa kwa tepu, imenyooka kama rula, na ile haraka ya usiku ule haionekani tena.

Halafu kuna michoro. Kikosi cha 112 cha Uingereza kilichora mdomo wa papa kwenye ndege zake za Tomahawk huko Afrika Kaskazini mwaka 1941, na Wamarekani waliojitolea kupigana China wakauiga. Walikuwa na haki nao. Lakini ndege ambayo haikuwahi kuwa na papa haipaswi kupewa papa kwa sababu tu watazamaji wanampenda. Ndege nyingi zilikuwa na namba na herufi tu, na wengi waliozirusha walikufa kabla jina lao halijajulikana na yeyote nje ya kambi. Namba ile kavu ndiyo kumbukumbu yao.

Sisemi kila kitu kiwe kijivu. Baadhi ya Spitfire za kupiga picha za upelelezi zilipakwa waridi hafifu, kwa kuwa zilipita chini ya mawingu, na rangi hiyo ni halali yao kabisa. Wala sipingi rangi za kisasa zinazokinga kutu, maana sisi tunaoishi kisiwani tunajua chumvi inavyokula chuma. Dawa iwe mpya, ila sura iwe ya asili.

Pale ambapo rangi ya asili bado ipo, isiguswe. Jumba la makumbusho la anga la Smithsonian, Marekani, lina ndege ya mabomu aina ya B-26 iitwayo Flak-Bait, iliyorudi salama kutoka safari zaidi ya 200 za vita, mwili wake umejaa viraka vya matundu ya risasi na vipande vya mizinga. Mafundi wake wanaisafisha na kuihifadhi pamoja na rangi yake iliyochakaa, badala ya kuipaka upya.

Mlango wa Malindi ulikuwa karibu umalizwe kwa vanishi nyingine. Tulimwomba mwenye nyumba atuachie kile kipande cha upana wa kiganja, karibu na komeo, pale mikono ilipokuwa ikigusa, naye akakubali.