Tepe au nyota: koplo aende Monduli?

Jumamosi iliyopita mpwa wangu alifika hapa nyumbani, Cheyo, Tabora, na bahasha ya kaki. Ni koplo, umri wake miaka 27. Baada ya shikamoo na maji ya kunywa akaifungua: cheti cha kidato cha sita, cheti cha shahada aliyoisoma kwa masafa kati ya lindo na lindo, na barua ya kuomba kufikiriwa kwa mafunzo ya uafisa. "Mjomba, naomba uisome kabla sijaipeleka."

Mimi nilimaliza utumishi nikiwa sajinitaji, na Monduli, kwenye chuo cha maafisa wa jeshi, nilifika mara moja tu, kumshangilia mtu kwenye gwaride. Msomaji anipime akilijua hilo, maana mtu wa tepe, yaani askari asiye afisa, akizungumzia nyota za maafisa ni rahisi kudhaniwa ana kijicho.

Kwa walio nje ya kambi, jeshi lina ngazi mbili. Moja inaanzia praiveti, inapita koplo usu, koplo, sajenti, sajinitaji, inakoma kwa afisa mteule daraja la kwanza. Nyingine inaanzia luteni usu, nyota moja begani, na kileleni yuko jenerali. Kutoka ya kwanza kwenda ya pili si kupanda cheo kama koplo anavyokuwa sajenti. Unachaguliwa, unakuwa afisa mwanafunzi, unaanza kufundishwa upya, na ukihitimu Rais ndiye anayekutunuku kamisheni. Afisa mteule aliyekula chumvi jeshini miaka ishirini humpigia saluti luteni usu aliyevishwa nyota jana.

Sisi wa Tabora tuna sababu ya kuizungumza habari hii kwa uangalifu. Januari 1964 Tanganyika Rifles, jeshi la nchi wakati huo, ilikuwa na batalioni mbili, moja Colito, Dar es Salaam, nyingine hapa kwetu, Kalewa. Uasi ulianza Colito tarehe 20, kesho yake ukafika Tabora. Askari walitaka mishahara, na walitaka maafisa wa Kiingereza waondoke, Waafrika wachukue nafasi zao. Aliyewaongoza wale wa Dar es Salaam hakuwa kanali wala meja. Alikuwa Sajenti Francis Hingo Ilogi. Uasi ulizimwa na wanamaji wa Uingereza, jeshi lile likavunjwa, na tarehe 1 Septemba mwaka huohuo Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) likazaliwa, mkuu wake wa kwanza akiwa Mirisho Sarakikya, afisa kijana aliyesomea Sandhurst na ambaye wakati wa vurugu zile alikuwa hapahapa Tabora.

Wakati wa mkoloni mlango ulikuwa na kufuli. Katika King's African Rifles (KAR), jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, ya miaka ya 1950, Mwafrika aliyepanda sana aliishia kuwa "effendi", chini ya luteni Mwingereza aliyeshuka melini juzi. (Neno hilo lina asili ya Kituruki, na ndilo hili "afande" tunalolitamka kila siku. Wajerumani nao walilitumia kwa askari wao kabla ya Waingereza.) Kwa hiyo anayetaka uafisa uachiwe wanaotoka chuoni moja kwa moja, na wenye tepe wabaki na tepe zao, akumbuke kwamba jeshi letu lilizaliwa kutokana na hasira ya watu waliofungiwa.

Hapo nipo upande wa wapwa wa dunia hii. Ila pale kijiweni kwenye kahawa, karibu na stesheni, wastaafu wenzangu huenda mbali zaidi. Wao husema afisa bora ni yule aliyetoka chini, kwa sababu anawajua askari. Wanamtaja Jenerali David Musuguri, aliyeingia KAR mwaka 1942 akiwa askari wa kawaida, akaongoza Divisheni ya 20 katika vita vya Kagera, na kuanzia 1980 hadi 1988 akawa Mkuu wa Majeshi. Mfano huo ni mzito, siupingi. Lakini upande wa pili wa vita hivyohivyo alikuwapo nani? Idi Amin, aliyeingia KAR mwaka 1946 akianzia jikoni, akawa effendi mwaka 1959, akapewa kamisheni mwaka 1961. Naye alitoka chini, naye aliwajua askari, labda kuliko ilivyofaa. Kutoka chini peke yake hakumfanyi mtu awe afisa mzuri. Kunakupa kitu, na kitu hicho kinaweza kukuharibu.

Niseme nilichokiona. Mwaka mmoja, mwezi wa pili, tulikuwa mazoezini kusini mwa mkoa. Luteni wetu alikuwa mpya, kijana wa vitabu. Alinyoosha ramani juu ya boneti ya gari, akapiga mstari, akatuonyesha njia. Kwenye ramani mstari ule haukuwa na kosa lolote. Ila ulikatisha mbuga, na mbuga ya huku mvua ikishanyesha udongo wake mweusi unameza tairi hadi ekseli. Nilinyamaza. Akaniangalia, akauliza, "Sajinitaji, unaonaje?" Nikamwambia. Akaufuta mstari na raba, akachora mwingine uliozunguka kupitia miombo. Tulichelewa saa moja na nusu na tulifika na magari yote.

Baadaye nilipata afisa mwingine, huyu alikuwa sajenti kabla ya kamisheni. Mbuga aliijua kuliko mimi. Hakuuliza. Asubuhi alikagua buti za kuruta mwenyewe, soksi mwenyewe, akijua nani ana malengelenge na nani anajifanya. Askari walimpenda sana. Kwenye hema yake, makaratasi ya mafuta na posho yalikaa siku nne bila saini, na sajenti wa platuni ile akawa mtu wa kushika mikono nyuma, kazi yake imechukuliwa na bosi wake. Mtu yule alibadilisha bega, kazi hakubadilisha. Kwa macho yangu huo ndio mtego wa anayevuka, na ni mtego mtamu, kwa sababu unasifiwa.

Majeshi mengine yana majibu yao. Waisraeli karibu wote huanza kama askari wa kawaida, maafisa wakachaguliwa miongoni mwao wakingali vijana. Waingereza humchukua afisa mteule mzoefu, wakampa ukapteni, na mara nyingi wakampeleka kwenye ghala, usafiri na ustawi wa familia, palepale uzoefu wake unapofaa. Marekani humwekea mtu aliyetumikia zaidi ya miaka 4 kama askari mshahara wa juu kuliko wa luteni asiye na historia hiyo. Hili la Marekani nalipenda kwa jambo moja: linakubali kwamba miaka ya tepe ni mali. Kwetu, mtaani, sajenti mwenye miaka kumi na minane ya kazi bado anaulizwa na shemeji zake, "Na wewe nyota lini?" Nimeulizwa sana. Wapo waliovuka kwa sababu ya swali hilo tu.

Umri nao ni hesabu. Koplo wa miaka 27 akivuka ana muda wa kuwa luteni mbovu kidogo, akakosolewa, akajifunza, akafika meja au zaidi. Sajinitaji wa miaka 39 akivuka anaanza chini ya ngazi mpya huku saa ikimkimbiza, na kikosi kimempoteza mtu aliyekuwa anakishikilia. Huyo wa pili mimi ningemwambia abaki, na ningelitaka jeshi limlipe na kumheshimu kwa kubaki.

Kuna na habari ya bwalo, ambayo haiandikwi popote. Ukivuka, unakula kwingine. Rafiki mliyegawana naye mkebe wa maharage kwenye handaki anasimama wima ukipita, na jina lako la utani linakufa siku hiyo. Kuhamishiwa kikosi kingine husaidia. Hakumalizi.

Nilirudi kwenye barua. Ilikuwa imeandikwa vizuri, isipokuwa sentensi ya tatu: "Nawafahamu askari kwa kuwa nimeishi nao." Nikamwambia aikate.

"Lakini mjomba, si ndiyo nguvu yangu hiyo?"

Nikamsimulia ile mbuga, na yule afisa wa soksi. Akacheka, kisha akanyamaza, akachukua kalamu akaipiga mstari sentensi ile. Chini yake akaandika "Nataka kujifunza", akasita, kalamu ikabaki hewani. Jioni aliondoka na vyeti, barua akaiacha hapa mezani chini ya kopo la asali. Jumatatu anapita kuichukua.