Tuliandika Amina, mwenzetu akatolewa

Mwaka wangu wa pili Ujerumani nilikuwa karibu kusahau sauti yangu mwenyewe. Naishi Dresden, nahudumia wazee katika nyumba ya kutunzia wazee, na wakati ule zamu zangu zilikuwa za usiku. Desemba nikitoka kazini asubuhi bado giza, nikiamka alasiri giza limesharudi. Siku zilipita sijamwambia mtu hata "ndaga", asante yetu ya Kinyakyusa. Kilichonitoa humo ni kikundi cha maombi cha WhatsApp, nilichounganishwa na dada mmoja wa Kyela anayeishi Uholanzi. Tulikuwa zaidi ya 200, wengi wetu watu wa Mbeya, Songwe na Iringa tuliotawanyika Ulaya na Uarabuni. Saa tano usiku mmoja anaweka neno, mwingine anatuma wimbo kwa sauti yake, wa tatu anaandika haja yake. Nina malalamiko juu ya kikundi kile, lakini kwanza nikipe haki yake: kilinishika mkono nikiwa sina mtu.

Mle ndani watu walisema mambo ambayo kwetu Tukuyu, wilayani Rungwe, mtu angezikwa nayo. Mimba iliyotoka. Mume aliyeoa tena kimya kimya. Kukaa nchi ya watu bila karatasi. Mwanasaikolojia wa Marekani, John Suler, aliliandikia jambo hili mwaka 2004: mtu akiwa nyuma ya kioo, uso wake hauonekani, halazimiki kukabili jibu papo hapo, na breki za moyo zinalegea. Aliongeza kwamba kulegea huko kunatoa mawili, upole ambao mtu asingeuonyesha ana kwa ana, na ukatili ambao asingethubutu. Mimi niliyaona yote mawili ndani ya wiki moja.

Kiongozi wetu tulimwita Mtumishi. Alitangaza sadaka ya pekee, euro 50 kila mtu, kwa ajili ya kufungua vifungo vya ukoo. Kijana mmoja wa Mbozi akaandika, "Shikamoo Mtumishi. Naomba kuuliza, ile ya mwezi wa tatu ilifanya kazi gani?" Hakuongeza neno. Likashuka jibu refu juu ya roho ya uasi na Kora wa kwenye Biblia, aliyemwasi Musa akamezwa na ardhi. Kisha zikaanza Amina. Amina Mtumishi, Amina baba, mikono iliyokutanishwa, picha za moto. Nilihesabu hadi 40, na yangu ilikuwamo. Swali la kijana yule nilikuwa nalo moyoni wiki mbili nzima, na bado kidole kiliandika Amina. Kabla ya saa sita alikuwa ameondolewa. Asubuhi neno la siku likaja kama kawaida, hakuna aliyemtaja.

Nimeshindana sana na Amina ile. Sikulazimishwa. Miaka ya 1950 Solomon Asch, naye wa Marekani, aliketisha watu chumbani akawaonyesha mistari, waseme upi una urefu sawa na upi. Jibu hata mtoto analiona. Ila wote chumbani, isipokuwa mmoja, walikuwa wamepangwa waseme jibu la uongo. Yule mmoja, akiwasikia wote wanasema vile, aliwafuata katika karibu theluthi ya maswali ya mtego. Linaloniuma zaidi ni alilolikuta baadaye: akiwepo hata mtu mmoja tu wa kusema kweli, kufuata mkumbo kunapungua mno. Kijana wa Mbozi alihitaji mmoja tu, na mimi nilikuwa macho, simu mkononi.

Mwaka jana nilikwenda likizo nyumbani. Machi, mvua ile ya Tukuyu isiyojua kuaga. Ibada ya nyumba kwa nyumba iliangukia kwa mama yangu. Tukapanga mabenchi, chai ikamiminwa, tukasubiri mzee wa kanisa afungue kwa sala. Akatazama huku na huku akasema, "Bado. Kuna watu humu hawasalimiani." Kila mtu alijua anawasema nani. Mama wawili majirani, mpaka wa migomba, mche uliosogezwa. Tulikaa. Mmoja alianza kwa ukali, mwingine akajibu kwa ukali zaidi, mambo ya msiba wa mwaka juzi yakaibuka, mtu hakuleta kuni, mtu alicheka mahali pasipofaa. Chai ikapoa vikombeni. Karibu saa nzima. Mwisho yule mkubwa akalia akasema kinyongo chote, na yule mdogo akamwambia, "Mama, sikujua kama uliumia hivyo." Hapo ndipo mzee akaita wimbo. Sijawahi kusikia watu kumi na wanne wakiimba vile.

Mama aliniambia usiku ule kwamba hata bibi yake, kabla ya ukristo, alilelewa katika desturi hiyo. Na iko kwenye maandishi. Monica Wilson, mtafiti aliyekaa na sisi Wanyakyusa miaka ya 1930, alieleza jinsi ndugu walivyotakiwa kuitamka hasira yao hadharani wakati wa tambiko, kwa sababu hasira iliyofichwa moyoni ilihesabiwa kuwa inaliharibu tambiko zima. Aliandika pia juu ya ukwangala, kule kukaa na wenzako, kula nao na kuzungumza nao, ambako wazee walikuona ndio utu wenyewe. Na aliandika juu ya pumzi ya watu: majirani wakimnung'unikia mkosaji, manung'uniko yao yaliaminiwa kumletea baridi ya ugonjwa.

Pumzi hiyo bado inavuma, na sitaificha kwa ajili ya kuipamba Rungwe mbele ya wageni. Binti asiyeolewa anaisikia. Mjane anayejenga nyumba nzuri anaisikia mgongoni. Kuna rafiki yangu alipigwa na mumewe miaka sita, na katika ibada za nyumbani aliketi kimya kwa sababu mzee aliyekuwa akiuliza "nani ana neno?" alikuwa baba mkwe wake. Kwake yeye, simu ya usiku na masikio ya watu asiowajua ilikuwa mlango pekee. Dresden jirani yangu hajui naenda kanisa gani wala nalala saa ngapi, na zipo siku nashukuru kwa hilo.

Lakini nimefikiri sana juu ya wale mama wawili. Sidhani kama wao ni watakatifu kutuzidi sisi wa kikundi. Tofauti ni kwamba hawawezi kufutana. Kesho yake watakutana mashineni kusaga, na mmoja akifiwa, mwingine ndiye atakayefika wa kwanza na kuni. Sisi tulikuwa na kitufe. Swali gumu likija, kitufe. Mtu akichoka, anatoka alfajiri bila kwaheri, inabaki ile mistari midogo, fulani ametoka. Watu 200 wanasali kila usiku na hakuna aliyewahi kumwambia mwenzake, "Uliniumiza."

Herrnhut, mji wa kanisa letu la Moravian, hauko hata kilomita 100 kutoka ninapoishi. Mmoravian yeyote wa Rungwe anajua jina hilo, maana kutoka huko ndiko walikotumwa wamisionari waliofika kwetu mwaka 1891, na neno la siku tunalotumiana kila asubuhi limekuwa likichapishwa tangu 1731 kutokana na mji ule mdogo. Niliporudi kutoka likizo nilikwenda. Nyumbani tulifundishwa habari ya zamu ya maombi iliyoanza Agosti 1727, wanaume 24 na wanawake 24, saa kwa saa, ikaendelea zaidi ya miaka 100. Ambalo sikulitilia maanani utotoni ni kwamba miezi iliyotangulia wakimbizi wa imani waliokuwa wakiishi pale walikuwa wakigombana vibaya, hata Zinzendorf, mwenye ardhi, akawa anazunguka nyumba kwa nyumba kuwaweka chini. Mwezi Mei waliwekeana makubaliano ya kuishi pamoja. Wakajigawa katika vikundi vidogo vya watu wachache, waambiane ukweli wa mioyo yao. Zamu ya maombi ilikuja baada ya hayo. Nilisimama makaburini, mawe ya bapa yanayofanana, safu kwa safu, nikamwona mzee wetu wa kanisa na chai yake iliyopoa.

Nilimpigia kijana wa Mbozi jioni ile ile, namba yake nilikuwa nayo bado. Nikamwambia mimi ni mmoja wa wale 40. Alinyamaza muda mrefu, kisha akaniuliza kwa nini nimechelewa mwaka na nusu. Sikuwa na jibu zuri, nikamwambia niliogopa kutolewa.

Sasa tuko sita, naye akiwamo. Tunapigiana Jumapili jioni kwa video, nyuso zinaonekana, na hakuna msimamizi wa kumtoa mwenzake. Jumapili iliyopita hatukufika kwenye maombi kabisa. Dada wa Makete alikuwa na neno na mimi, ahadi niliyompa nikaisahau, na mpaka saa nne usiku alikuwa bado hajamaliza.